Moyo Ukishtuka, Boti Isingoje

Ras Kitau iko kisiwani Manda, ng'ambo ya Shela. Wengi wa mjini huijua kwa mchanga wake, na huko huwapeleka wazee wao kupunga upepo. Lakini hapo ambulensi haibishi hodi mlangoni. Anayeugua ghafla hupakiwa botini, akavushwa hadi Lamu mjini iliko Hospitali ya King Fahd. Safari hiyo haifupishiki. Zinazookolewa ni dakika za nyumbani.

Nazo hupotea kwa ubishi. Mzee ameshika kifua, jasho baridi lamtoka, naye asema ni riyahi tu, mpeni tangawizi! Kumbe damu imeganda katika mshipa unaoulisha moyo, na msuli wake umeanza kufa. Maumivu huwa kama uzito kifuani, yakaenea mkono wa kushoto, taya au mgongo. Akina mama, wakongwe na wenye kisukari huenda wasiumwe sana. Wao huishiwa pumzi, hutapika au hulegea ghafla.

Mkalishe. Asitembee hata kuelekea gatini. Abebwe kwa kiti. Kijana mmoja amwite nahodha, mwingine aipigie simu hospitali. Mpe aspirini ya miligramu 300 aitafune, isipokuwa kama humdhuru au ana vidonda vya tumbo vinavyotoka damu. Dawa za kuyeyusha damu iliyoganda hufaa zaidi saa za mwanzo. Zikipita saa 12 faida yake ni ndogo mno.

Akizimia na asipumue sawasawa, mlaze chali, weka viganja katikati ya kifua, ukandamize kwa nguvu mara 100 hadi 120 kwa dakika. Usiogope kumuumiza.

Kinga huanzia nyumbani. Pima presha na sukari kabla ya safari, na dawa za mzee zikae mkobani, si sandukuni. Sigara iachwe. Chumvi, lasema Shirika la Afya Duniani, isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai. Mpenda ng'onda na ajihesabie mwenyewe. Na wale wa miraa barazani wajue kwamba madaktari wa Yemen wameihusisha na mshtuko wa moyo.

Mkifika Ras Kitau, kabla ya kuvua viatu, ulizeni: nani ana boti karibu, nambari yake ni ipi, na maji yakitoka usiku, hupakilia wapi?