Thomas Lubanga: toka siasa ya Bunia hadi jela ya La Haye



Katika mazungumzo ya amani tunayofanya kwenye kambi za wakimbizi wa ndani za Bunia na Djugu, jina la Thomas Lubanga Dyilo linarudi kila mara. Wengine wanasema alionewa. Wengine wanasema adhabu yake ilikuwa ndogo mno. Vijana waliozaliwa baada ya vita ya 2002 wanalisikia jina tu, na kila mmoja anapewa habari kadiri ya upande wa nyumbani kwao. Mara nyingine kikundi kinavunjika kwa sababu ya ugomvi huo.

Tumeona ni vema kueleza habari hii kwa utaratibu: huyu mtu alitoka wapi, aliingiaje katika uongozi wa mji wetu, alihukumiwa kwa kosa gani, na kwa kosa gani hakuhukumiwa. Hatutaki kufungua kesi upya. Tunataka tuzungumze juu ya jambo moja tukiwa na habari ya kweli.

Alikuwa nani kabla ya vita?

Thomas Lubanga alizaliwa mwaka 1960 huko Djugu. Alisoma saikolojia katika Chuo Kikuu cha Kisangani. Alikuwa mtu wa siasa, mwenye elimu na maneno, na hakuanza maisha yake kama askari.

Mwaka 1999 mambo yalibadilika Ituri. Ugomvi wa mashamba katika Djugu, kati ya wenye konsesyo na wanavijiji, uligeuka kuwa vita kati ya Wahema na Walendu. Wakati huo jeshi la Uganda ndilo lililoshika nchi yetu. Mwezi wa sita 1999 mkubwa mmoja wa jeshi hilo, Jenerali James Kazini, alitangaza jimbo la Kibali-Ituri na kumweka gavana wake. Kuanzia hapo kila mwanasiasa wa Bunia alijua kwamba cheo kinatoka kwa mwenye bunduki. Hilo ni jambo la kukumbuka, maana ndilo lililolea viongozi wengi wa wakati ule, wa pande zote.

Mwezi wa tisa 2000, Lubanga na wenzake waliunda chama kinachoitwa UPC, yaani Muungano wa Wazalendo wa Kongo. Baadaye alipewa kazi ya ulinzi ndani ya RCD-ML, kundi la Mbusa Nyamwisi lililotawala Bunia. Hawakukaa pamoja muda mrefu. Mwaka 2002 waliachana kwa uadui.

UPC ilichukuaje Bunia?

Mwezi wa nane 2002, wapiganaji wa UPC wakisaidiwa na jeshi la Uganda walimfukuza gavana wa RCD-ML, Molondo Lompondo. Lubanga mwenyewe hakuwa Bunia siku zile. Alikuwa anazuiliwa Kinshasa. Alirudi karibu na mwisho wa mwezi, na mwanzoni mwa mwezi wa tisa akaunda serikali yake na jeshi lake, FPLC.

Wako waliompokea kwa furaha. Walikuwa wamechoka kukimbia, na yeye aliahidi ulinzi. Lakini katika mji huo huo, watu wengine walianza kulala na mizigo imefungwa mlangoni. Ulinzi wa upande mmoja ulikuwa hofu ya upande mwingine.

Mwezi wa tatu 2003 jeshi la Uganda, ambalo sasa lilikuwa limegeuka adui yake, liliifukuza UPC mjini. Mwezi wa tano Waganda waliondoka, na Bunia ikawa uwanja wa mapigano kati ya wanamgambo wa Kilendu na UPC. Watu waliuawa barabarani na majumbani. Maelfu walikimbilia kwenye kambi ya MONUC na karibu na uwanja wa ndege. Tarehe 30 mwezi wa tano 2003 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikubali kutuma jeshi la Ulaya, ambalo wengi wanalikumbuka kwa jina la Artemis. Mashirika ya haki za binadamu yalikadiria kwamba tangu 1999 watu zaidi ya 50,000 walikuwa wamekufa Ituri.

Alihukumiwa kwa kosa gani?

Lubanga alikamatwa Kinshasa mwezi wa tatu 2005, baada ya askari tisa wa MONUC kutoka Bangladesh kuuawa Ituri. Mwaka mmoja baadaye, mwezi wa tatu 2006, alipelekwa La Haye, Uholanzi, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ile tunayoiita CPI. Alikuwa mtu wa kwanza kufungwa na mahakama hiyo. Kesi ilianza tarehe 26 mwezi wa kwanza 2009.

Tarehe 14 mwezi wa tatu 2012 majaji walitoa hukumu. Walisema kwamba Lubanga, pamoja na wenzake, ana hatia ya kuandikisha watoto wa chini ya miaka 15 katika jeshi na kuwatumia katika vita, toka mwezi wa tisa 2002 hadi mwezi wa nane 2003. Kwa maneno yetu ya hapa: kosa la kadogo. Mwezi wa saba mwaka ule alipewa miaka 14 ya jela. Mwaka 2014 majaji wa rufaa walithibitisha hukumu na adhabu.

Ushahidi mmoja uliokuwa mzito ni video. Tarehe 12 mwezi wa pili 2003 Lubanga alitembelea kambi ya mazoezi ya Rwampara, karibu sana na Bunia. Katika picha zile anazungumza na wapiganaji na kuwapa moyo, na mbele yake kuna watoto ambao mtu anaona kwa macho kwamba ni wadogo. Lubanga alijitetea kwamba alitoa amri za kuwarudisha watoto nyumbani. Majaji walizitazama amri hizo, wakaona hazikutekelezwa. Makaratasi yalisema jambo moja, kambi ikafanya jingine.

Kwa nini watu wanaendelea kubishana?

Tumesikia manung'uniko manne. Tunayajibu moja moja.

La kwanza: "Kwa nini watoto tu? Nyumba zetu zilizochomwa, wamama waliobakwa, wafu wetu, viko wapi?" Ni swali la haki. Mwendesha mashtaka alimshtaki Lubanga kwa kosa la watoto peke yake, na mahakama haiwezi kumhukumu mtu kwa kosa ambalo hakushtakiwa. Mauaji na ubakaji vilikuja katika kesi nyingine, ya Bosco Ntaganda, aliyekuwa mkubwa katika jeshi la FPLC. Mwaka 2019 Ntaganda alipatikana na hatia ya makosa 18, pamoja na mauaji na ubakaji, akapewa miaka 30.

La pili: "Kwa nini upande wetu tu?" Si kweli kwamba ni upande mmoja. Germain Katanga, aliyekuwa kiongozi wa FRPI, alihukumiwa mwaka 2014 kwa shambulio la Bogoro la tarehe 24 mwezi wa pili 2003. Mathieu Ngudjolo alishtakiwa kwa shambulio hilo hilo, lakini mwaka 2012 majaji walimwachilia kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Ni kweli pia kwamba wakubwa wa nchi jirani waliotoa silaha hawakufikishwa CPI. Lakini Mahakama nyingine ya La Haye, inayohukumu kesi kati ya nchi na nchi, ilisema mwaka 2005 kwamba Uganda ilivunja sheria katika nchi yetu, na mwaka 2022 ikaamuru ilipe dola milioni 325.

La tatu: "Mashahidi walidanganya." Ni kweli kwamba kesi ilikuwa na kasoro. Ilisimamishwa mara mbili, mwaka 2008 na 2010, kwa sababu ya makosa ya upande wa mashtaka. Majaji walikataa maneno ya vijana kadhaa waliosema walikuwa kadogo, wakiona huenda walifundishwa la kusema na watu wa kati. Hata hivyo, hukumu ilisimama juu ya ushahidi mwingine, kama ile video na watu wazima walioshuhudia.

La nne ndilo chungu zaidi kambini: "Aliyebeba bunduki anasaidiwa, na aliyechomewa nyumba hapewi kitu." Mwezi wa kumi na mbili 2017 majaji walisema kwamba deni la Lubanga kwa wahanga ni dola milioni 10. Kwa kuwa hana mali, Mfuko wa Wahanga wa CPI ndio unaotafuta pesa hizo. Wanaohesabiwa ni wale walioumizwa na kosa alilohukumiwa: watoto walioingizwa jeshini na wazazi wao. Watu walioshambuliwa na watoto hao hawamo katika kesi ya Lubanga. Wahanga wa mashambulio yaliyohukumiwa katika kesi ya Ntaganda wamewekwa katika kesi ile. Na msaada haugawiwi kama pesa mkononi. Ni wa pamoja, kama matibabu ya mwili na roho, mafundisho ya ufundi, na kazi za kuleta kipato. Mtu akikuomba pesa ili akuandikishe kwenye Mfuko huo, ujue ni mwizi.

Tunaelewa uchungu wa wale walioachwa nje. Tunaomba tu tusiwageuzie hasira waliokuwa watoto. Mtoto wa miaka kumi na mbili aliyechukuliwa njiani akitoka shuleni hakuchagua vita.

Ni nini kilitokea baada ya jela?

Mwezi wa kumi na mbili 2015 Lubanga alirudishwa Kongo kumaliza kifungo Kinshasa. Alitoka tarehe 15 mwezi wa tatu 2020. Baadaye Rais Tshisekedi alimweka katika kikundi cha watu wa zamani wa vita waliotumwa kuzungumza na makundi ya Ituri. Mwezi wa pili 2022 yeye na wenzake, Katanga akiwa mmoja wao, walishikwa mateka na CODECO huko Djugu, wakiwa katika kazi hiyo ya amani. Maadui wa zamani walikaa pamoja katika utekaji mmoja. Siku chache kabla, tarehe 1 mwezi wa pili, CODECO ilikuwa imeua watu karibu 60 katika kambi ya Plaine Savo. Kwa hiyo wengi wetu tulikuwa na matumaini kwamba safari hii sauti yake ingesaidia kuzima moto.

Lakini mwaka 2025, akiwa Uganda, Lubanga alitangaza kundi jipya linaloitwa CRP, lenye mkono wa kisiasa na mkono wa silaha, dhidi ya serikali. Mwaka ule ule mapigano kati ya kundi hilo na jeshi la serikali yaliwafukuza tena watu wa Djugu.

Tunajifunza nini?

Kwanza, hatia ni ya mtu, si ya kabila. Hukumu ya 2012 ina jina la mtu mmoja. Haisemi kwamba Wahema wana hatia, kama vile hukumu ya Katanga haisemi kwamba Wangiti wana hatia. Kiongozi wa kambi anayesikia mtu akisema "ninyi watu wa Lubanga" amkataze palepale.

Pili, tuangalie ahadi ya ulinzi. Mwaka 2002 watu waliipokea kwa sababu walikuwa na hofu ya kweli, na hofu hiyo ipo leo. Anayetuahidi ulinzi tumwulize: nani atabeba bunduki hizo? Kama jibu ni "vijana wenu", basi mlinzi anataka tumlinde sisi, kwa watoto wetu.

Tatu, sheria inajulikana sasa. Tangu 2009 sheria ya Kongo ya kulinda mtoto inakataza kuingiza jeshini au katika kundi la silaha mtu yeyote wa chini ya miaka 18. Hakuna kiongozi wa leo anayeweza kusema hakujua. Mkuu wa kijiji anayetoa orodha ya vijana, au mzazi anayemtoa mwanae kama mchango, naye anashiriki katika kosa. Kama watu wanakuja usiku kutafuta vijana, toeni habari upesi kwa kamati ya ulinzi wa watoto ya kambi, au kwa shirika la watoto mnaloliamini, bila kutaja majina mbele ya watu.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika kambi yetu, ni nani anayeahidi ulinzi, na anaomba nini?
2. Waliokuwa kadogo mwaka 2002 sasa ni wababa na wamama kati yetu. Tunawaitaje? Tunawapa nafasi gani?
3. Mtu wa upande mwingine akitusimulia mateso yake ya 2003, je, tunaweza kumsikiliza mpaka mwisho bila kumjibu kwa mateso yetu?

Swali la tatu ndilo gumu. Tunashauri kikundi kianzie hapo siku ambayo watu hawana haraka, wamama na vijana wakiwa wamekaa pamoja, na asiwepo mtu wa kuandika majina.