KONTUA HUTOKA WAPI?

Najua wenzangu wamekuandalia mashairi, vitendawili na visa vya kuvunja mbavu. Mimi nimeonelea nikuletee jambo la ramani. Ngoja, usifunue ukurasa! Hata wewe uliyeiacha Jiografia baada ya Kidato cha Pili, jambo hili litakuhusu siku utakapochimba msingi wa nyumba au mtaro wa maji, na katika vilima hivi vyetu vya Kisii na Nyamira sijui ni nani atakayekwepa kuchimba mtaro.

Kontua ni ile mistari ya rangi ya kahawia kwenye ramani za Jiografia. Kila mstari hupita mahali penye kimo kimoja kutoka usawa wa bahari, na katika ramani zetu za kipimo cha 1:50,000 kila mstari umeuzidi mwenzake kwa mita 20. Penye genge, kama kule Manga, mistari hubanana kama meno ya kitana. Ukishuka na Mto Gucha kuelekea Ziwa Victoria huanza kuachana. Hayo twayajua kwa sababu ya mtihani. Sasa, msichana mmoja wa Kidato cha Kwanza aliuliza: "Mwalimu, ni nani alitembea akiichora mistari hiyo mlimani?" Darasa zima likaangua kicheko. Mimi sikucheka, maana hata mimi sikuwa na jibu.

Jibu ni kwamba hakuna aliyetembea hivyo. Ramani kubwa za nchi zilichorwa hasa kutokana na picha zilizopigwa kutoka kwa ndege. Kwa kiwanja kidogo, kama cha shule au cha zahanati, mpima ardhi huja na vyombo vyake akapima vimo vya pointi kadhaa tu. Anarudi na karatasi iliyojaa nambari. Yaliyo katikati ya pointi hizo hayakupimwa na mtu. Yanakadiriwa.

Ujanja huu ni wa kale. Mwaka 1774 mtaalamu wa nyota Nevil Maskelyne alikuwa Scotland kwenye mlima uitwao Schiehallion, akitazama jinsi mlima unavyoivuta timazi kando, ili ipatikane hesabu ya uzito wa dunia nzima. Mlima ukapimwa kila upande. Kazi ya kukokotoa akapewa Charles Hutton, bingwa wa hesabu, naye akajikuta amezama katika bahari ya nambari. Alichofanya ni kuunganisha kwa mstari pointi zenye kimo sawa, na umbo la mlima likajitokeza mbele ya macho yake.

Lakini pointi zenye kimo sawasawa ni adimu kama maziwa ya kuku. Hebu tuchukue mfano. Pointi moja ina kimo cha mita 1,812, ya pili mita 1,837, na baina yao ni mita 50. Unatafuta kontua ya 1,820. Kutoka 1,812 hadi 1,837 ni mpando wa mita 25, nawe wahitaji kupanda 8 tu. Nane kwa ishirini na tano, mara 50, unapata 16. Basi kontua yako inapita mita 16 kutoka pointi ya kwanza. Ile ya 1,830 itapita mita 36. Hesabu ya darasa la saba, bwana! Kinachochosha ni kuirudia mara mia tano.

Hapo ndipo tarakilishi inapoingia. Programu za kuchorea, kama Civil 3D ya kulipia au QGIS ya bure, huunganisha pointi zote kwa pembetatu. Kanuni yake ilitolewa na Mrusi Boris Delaunay mwaka 1934: ukichora duara linalopita kwenye pembe zote tatu, ndani yake isiwemo pointi nyingine. Hivyo pembetatu nyembamba kama sindano huepukwa. Kisha programu hufanya ile hesabu yetu kwenye kila ubavu, na kufumba na kufumbua kontua zimejaa kwenye kioo. Mtu huona raha!

Raha hiyo ndiyo ya kuogopwa. Programu huamini kwamba kila pembetatu ni kama ubao uliolazwa, hauna shimo wala nundu. Shuleni petu, upande huu wa Nyamira, maji ya masika hushuka kutoka mgongoni yakaingia hadi bweni la Kidato cha Kwanza, na wazazi walikuwa wamechanga pesa za kuchimba mtaro wa kuyakinga. Kijana mmoja mpima ardhi akaja. Alipima ukingo wa uwanja wa mpira akapata 1,846, akapima ng'ambo ya pili akapata 1,845. Katikati pana korongo lililofunikwa na nyasi za napia, hakuna aliyeingia humo na fimbo ya kupimia. Programu ikatandaza ubao wake juu ya korongo, na kwenye karatasi pale pakawa tambarare kama meza. Mtaro ukachorwa kupita papo hapo.

Mzee anayekata napia ya ng'ombe wa shule alipoonyeshwa mchoro alitikisa kichwa. "Kijana wangu, hapa mvua ikinyesha ni mto. Na mto wenyewe unatokea nyuma ya hilo bweni."

Kumbe pesa za wazazi zilikuwa karibu kuyaongezea maji njia ya kuingilia! Na tazama ajabu: vipimo vyote vya yule kijana vilikuwa sahihi. Kilichodanganya ni yale ya katikati. Yeye naye, kwa sifa yake, hakubishana. "Ahsante, mzee," akasema, akaingia kwenye napia. Akapima pointi 14, nyingine chini kabisa na nyingine kwenye kingo, ambako sakafu ya korongo ilikuwa 1,839. Halafu akaiambia programu kwamba pointi za sakafuni ni mstari mmoja, na ubavu wa pembetatu yoyote usiuvuke. Bila amri hiyo ingeweza kuruka kutoka ukingo hadi ukingo na kujenga mabwawa yasiyokuwepo. Safari hii kontua zilipofika korongoni zilipinda kama herufi V, ncha ikielekea juu maji yanakotoka. Mtaro ukahamishiwa upande wa pili wa uwanja.

Wapo wanaouliza, mbona tusichukue vimo kutoka angani tukakaa kivulini? Ni kweli, Februari 2000 chombo Endeavour kiliizunguka dunia siku 11 kikipima nchi kavu kwa rada, na mwaka 2014 vimo vya Afrika, pointi moja kila mita 30 hivi, vikaanza kutolewa bure. Kwa kuona umbo la vilima vya Nyabisimba na Nkoora vyafaa sana. Lakini rada hukutana na mkaratusi kabla ya kukutana na udongo, na mashamba ya kwetu ni vipande vyembamba vinavyoteremka kutoka mgongoni hadi mtoni, vingi havifiki upana huo wa mita 30. Korongo letu lina mita 9. Rada ingeliruka kwa hatua moja.