Diski Hairudishwi kwa Kuchua

Swali ni lile lile, linabadilika tu mdomo unaoliuliza. Mbwa aliamka mzima, jioni akashindwa kupanda kibarazani, asubuhi anaburuta miguu ya nyuma. Mwenye mbwa anapiga simu, na kabla sijauliza lolote anataka nimwelekeze kwa mchuaji mwenye mkono mwepesi, amrudishie mbwa wake pingili iliyochomoka. Wengine hawaombi kuelekezwa. Mchuaji wanaye tayari, yule anayewakanda wachezaji wa timu ya mtaani, wanataka tu niwaambie achue mara ngapi kwa siku na kwa mafuta yapi: ya nyonyo, ya nazi au ya kondoo.

Mbwa huyo asichuliwe mgongo, kwa mafuta hayo wala mengine. Nimelisema hilo kwa ufupi miaka yote na halijamzuia mtu, basi leo nalisema kwa urefu.

Tuanze na hiyo pingili. Haikuchomoka. Piga eksirei uzihesabu, utazikuta zote zimejipanga mahali pake. Kilichoharibika ni diski, yaani gegedu linalokaa kati ya pingili na pingili, lenye kiini laini katikati na pete ya nyuzi imara inayokizunguka. Kwa mbwa wa miguu mifupi, Dachshund akiwa mstari wa mbele na nyuma yake Pekingese, Shih Tzu, Beagle na French Bulldog, kiini hicho huanza kukauka na kujaa chokaa mbwa akiwa bado mdogo kabisa. Mswidi Hans-Jörgen Hansen aliyaeleza haya mwaka 1952. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wakaonyesha chanzo chake katika urithi: nakala ya ziada ya jeni iitwayo FGF4, iliyojipachika kwenye kromosomu ya 12. Kwa hiyo mbwa wako hakurogwa, na mtoto wa dada hakumvunja alipombeba juzi. Diski ilikuwa ikichakaa muda mrefu. Kuruka kutoka kwenye kochi kulimalizia tu.

Pete inapopasuka, kiini hurushwa kuelekea juu, ndani ya mfereji ambamo ugwe wa neva hupita. Ugwe unapigwa dafrao, kisha unabanwa. Maumivu, kuyumba, kupooza, kushindwa kukojoa: karibu yote hayo ni kilio cha neva, si cha mfupa.

Sasa tumfuate mchuaji hatua kwa hatua. Mkono wake uko juu ya mgongo. Chini ya mkono kuna ngozi, chini ya ngozi misuli minene, chini ya misuli tao la mfupa wa pingili, chini ya tao ugwe wa neva, na chini ya ugwe ndipo diski ilipo. Someni tena mpangilio huo. Hata angekuwa na vidole vya kupenya mfupa, angeufikia ugwe kabla ya kuifikia diski, na angekuwa anausukuma ugwe ukakandamizwe na kile kile kinachoubana. Bega au nyonga iliyoteguka inaweza kurudishwa na mtu anayeijua kazi hiyo, kwa kuwa ni mfupa uliotoka kwenye tundu lake na tundu lingalipo likiusubiri. Kiini cha diski hakina pa kurudi. Embe la kunyonya likishatobolewa, kila ukiliminya linatoa zaidi. Sijaona mtoto aliyeliminya embe nyama ikarudi ndani.

Na hili liwaingie wale wanaoniambia kwamba hospitali nako si wanairudisha kwa kisu. Hapana. Hata daktari wa upasuaji hairudishi diski. Anafungua ubavu wa tao la pingili, anatoa kilichomwagika ili ugwe upate nafasi, anakitupa, anashona. Kama mtu mwenye mgongo wazi mbele yake, taa juu ya kichwa na vifaa mkononi hajaribu kuirudisha, wa sebuleni na chupa ya mafuta anairudisha vipi?

Kutofaa peke yake kungevumilika. Tatizo ni kwamba kunaumiza. Diski nyingi zinazopasuka ziko pale mbavu zinapoishia, kati ya pingili ya 11 ya kifua na ya 3 ya kiuno. Mbele ya hapo kuna kano zinazounganisha vichwa vya mbavu za kulia na za kushoto, zikipita juu ya diski na kuikinga. Kuanzia hapo kwenda nyuma kinga hiyo inakoma. Ndipo mbwa anapolia akiguswa, na ndipo mchuaji anapoegemea kwa uzito wake wote, kwa sababu amefundishwa kufuata panapouma. Pete iliyopasuka nusu, yenye kiini kingine bado ndani, inakandamizwa. Mgongo unakunjwa na kunyooshwa, miguu ya nyuma inavutwa. Kila mpindo ni nafasi ya kipande kingine kutoka. Nimewapokea mbwa walioingia kwa mchuaji wakiyumba wakatoka wamebebwa, na wenye mbwa wameambiwa ni dalili njema, ugonjwa sharti uzidi ndipo upoe.

Mafuta yenyewe nayo yana maneno. Dawa za kuchua zenye harufu kali, zile zinazowasha ngozi, nyingi zina methili salisilati, kemikali ya ukoo mmoja na aspirini. Mbwa hulamba anachopakwa, na akiilamba vya kutosha tumbo lake litatoka damu. Chupa ya maji moto ni hatari nyingine: mbwa aliyepoteza hisia kiunoni hatalia ngozi ikiungua. Utaligundua lengelenge kesho yake.

“Lakini wa jirani alichuliwa akapona.” Najua, na wala sishangai. Mbwa mwenye maumivu tu, au anayeyumba lakini bado anatembea, hupona bila upasuaji takriban mara 8 katika 10 akitulizwa ipasavyo. Uvimbe unanywea, mwili unanyonya sehemu ya kilichomwagika, pete inaota kovu. Atakayemshika mbwa wiki hiyo ndiye atakayebeba sifa, awe mchuaji, mganga au mtoto aliyempulizia. Tena wachuaji wengi, wakishamaliza, humwambia mwenye mbwa asimtembeze mgonjwa kwa siku kadhaa. Hiyo ndiyo tiba. Wameitoa bure na kulipisha uharibifu.

Kuna imani pacha na hii, kwamba mbwa azoezwe mapema asije akasahau kutembea. Mbwa hasahau kutembea. Anayemsimamisha kwa nguvu siku ya pili na kumkokota uani anafanya kazi ya mchuaji, ila yeye hatumii mafuta.

Dawa za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni za binadamu, hata kidonge kimoja ulichokata nusu kwa huruma, huchoma tumbo la mbwa na kuua figo. Usimpe. Zipo dawa za kundi hilo zilizotengenezewa mbwa, na kipimo chake kinatokana na uzito alioupima daktari. Sindano ya deksamethasoni, inayochomwa kwa kila mbwa anayechechemea, haina ushahidi wa kuokoa ugwe ulioumia. Inachoongeza ni maambukizi ya njia ya mkojo na kuharisha. Mwongozo wa mabingwa wa Marekani wa mwaka 2022 hauipendekezi kwa ajali hii ya ghafla. Na sindano hiyo ikikutana tumboni na dawa ya kundi la diklofenaki, utumbo unaweza kutoboka. Ukienda kwa daktari wa pili, mtajie kila alichopewa mbwa na wa kwanza. Msione haya, si kumsengenya mtu.

Halafu kuna hasara ambayo haionekani: dawa ikifanya kazi, maumivu hupungua ndani ya siku chache, na mbwa anataka kuruka. Pete haijafunga. Dawa bila kumfungia ni mtego.

Sasa yanayosaidia, na nitakwenda mbio.

Hakikisha kwanza ni diski. Kwetu huku, mbwa asiyechanjwa anayelegea miguu, hasa kama taya limening'inia, anachuruza mate au sauti imebadilika, ni mshukiwa wa kichaa cha mbwa mpaka ithibitike vinginevyo. Usimtie mkono mdomoni kutafuta mfupa uliokwama. Mtenge, ita daktari, na aliyeumwa au kuingiwa mate kwenye kidonda aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Kugongwa na gari, kupe na ugonjwa wa distempa navyo hulegeza miguu.

Pima hisia. Daktari hubana kidole cha mguu wa nyuma kwa koleo. Mguu kujivuta si jibu, huo ni mjongeo wa neva za kiunoni ambao haufiki kichwani. Tazama uso: amegeuka, amelia, ametaka kung'ata? Kama ndiyo, hisia ipo. Kama mguu unajivuta na uso umetulia tuli, hali ni mbaya na saa zinahesabika.

Upasuaji. Aliyepooza kabisa lakini anahisi, akipasuliwa, ana nafasi zaidi ya 9 katika 10 ya kutembea tena. Bila kupasuliwa ni kama 6. Asiyehisi, akipasuliwa, ni kama 6 katika 10. Bila kisu, 2. Vipimo vya MRI na CT ni ghali na wapasuaji wa mgongo wa mbwa ni wachache katika ukanda wetu, kwa hiyo uliza mapema: anza na daktari wako, kisha hospitali za vyuo vya udaktari wa mifugo, kama Kabete kwa aliye Kenya na SUA Morogoro kwa aliye Tanzania. Anayetembea, au aliyekosa uwezo wa upasuaji, hutibiwa nyumbani.

Kizimba. Wiki 4 kamili, si mpaka atakapochangamka. Kiwe na nafasi ya kusimama, kugeuka na kulala, basi. Hakuna kochi, ngazi, wala kukimbilia geti. Anatoka kwa haja tu, akiwa kwenye kamba, kanga iliyokunjwa ikipita chini ya tumbo kubeba nyuma. Mkanda uwe wa kifuani, usiwe wa shingoni. Tandika mkeka au zulia juu ya vigae vinavyoteleza.

Kibofu. Hapa ndipo mbwa wengi wanapopotelea nyumbani. Aliyepooza mara nyingi hawezi kukojoa. Mkojo ukimwagika ukimbeba, usishangilie. Huenda ni kibofu kilichojaa kinachofurika. Mwombe daktari akuonyeshe kwa mikono yako mwenyewe namna ya kukikamua, na ufanye hivyo mara 3 hadi 4 kila siku. Mkojo ukinuka vikali au ukiwa na damu, mrudishe.

Ngozi. Godoro nene, kitambaa kikavu, mgeuze ubavu kila baada ya saa 4 hadi 6, mkague nyonga na viwiko. Mkojo uoshwe papo hapo, ukauke.

Miguu. Maumivu yakishatulia na daktari akiruhusu, kunja na kunyoosha kila kiungo cha miguu taratibu, mara kadhaa kwa siku. Mikono ikiwasha kuchua, basi chua mapaja. Mgongo uache.

Uzito. Mpunguzie chakula, kwani hatembei. Ugali mtupu wa kumridhisha kwa kuwa anasikitisha utaubebesha mgongo ule ule.

Wiki ya 5. Dakika 5 za kutembea kwenye kamba, polepole, ukiongeza kidogo kila wiki. Akirudi kuyumba, rudi kizimbani, piga simu.

Hatari. Kupooza kukipanda kutoka nyuma kuelekea miguu ya mbele, au pumzi ikawa nzito, ndani ya siku chache za mwanzo, ugwe unaoza. Hutokea kwa takriban 1 kati ya 10 waliopoteza hisia, na hakuna tiba. Huyo alazwe usingizi, asiachwe kuteseka kwa matumaini ya mtu mwingine.

Asiyerudisha miguu lakini hana maumivu, anakula na anacheza, anaweza kuishi vizuri kwenye kigari cha magurudumu mawili. Fundi wa baiskeli anakitengeneza ukimpa vipimo vya mbwa. Uamuzi huo ni wa miezi, si wa wiki ya kwanza, na unategemea kama nyumbani kuna mtu wa kukamua kibofu kila siku bila kukosa.

Aliyepona bado ana diski nyingine zenye hali ile ile, kwa hiyo kochi limepigwa marufuku maisha yake yote. Wala usimzalishe. Watoto wake wana soko, najua, lakini anayemnunua mmoja wao ananunua na mgongo huo.