Bustani Wakati wa Likizo

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za bustani ya mboga, raha yake na taabu yake. Nimechagua maneno haya kwa kuwa likizo ya mwezi wa Desemba ndiyo wakati ambapo mwalimu na mwanafunzi hupata nafasi ya kushika jembe, na penye mvua za vuli ardhi huwa imekwisha lainika.

Raha ya bustani haihitaji maneno mengi. Mchicha ukipandwa leo, baada ya majuma 3 au 4 huwa tayari kuchumwa. Mwenye tuta lake hangoji siku ya gulio, wala hatumi mtoto kwa jirani kuomba mboga. Tena mtu aliyeshinda mwaka mzima na vitabu hupata kitulizo kikubwa akiona mbegu aliyoifukia kwa mkono wake imepasua udongo.

Lakini taabu nazo ni nyingi. Kuku hupekua tuta lililomwagwa mbegu jana. Mbuzi hupita penye ua mbovu. Viwavi wakaao udongoni hutoka usiku wakakata miche shinani, hata asubuhi mwenye bustani huikuta imelala kama iliyokatwa kwa kisu. Hayo yote huonekana kwa macho, na lionekanalo lina njia yake: ua hutengenezwa, kuku hufungiwa, na kiwavi hufukuliwa kando ya mche alioukata, akauawa. Taabu kubwa ni ile isiyoonekana, nayo ndiyo iliyonitia mimi katika kosa.

Mwaka mmoja nalipanda miche 60 ya nyanya mwezi wa Oktoba. Likizo ilipofika ilikuwa imeanza kuzaa, nami nalikwenda kumtazama mama yangu kwa muda wa majuma mawili. Bustani nalimwachia mpwa wangu, kijana wa miaka 12, nikamwagiza aimwagilie maji kila jioni isiyo na mvua. Naliporudi nalikuta zaidi ya nusu ya miche imenyauka. Nalimkemea kijana yule mbele ya watu, nikamwambia kwamba amekwenda kucheza, akaiua mimea kwa kiu. Akanijibu, "Mjomba, nalimwagilia kila siku." Sikumsadiki.

Jioni alipita mzee mmoja jirani yetu. Aliinama, akatwaa udongo penye shina, akaufinya. Ukashikamana kwa unyevu. Akasema, "Mwalimu, mmea wenye kiu huinuka ukipata maji. Huu maji unayo, wala hauinuki. Hebu niletee bilauri ya maji safi." Akakata kipande cha shina karibu na ardhi, akakining'iniza ndani ya maji bila kukitikisa. Punde tuliona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka polepole kutoka mle shinani.

Ugonjwa huo huitwa mnyauko. Asili yake ni bakteria, yaani vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho matupu. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Erwin F. Smith, alieleza habari zao mwaka 1896. Hukaa udongoni, huingia kwa mizizi, hasa ile yenye vidonda, kisha hujaa katika mishipa ipandishayo maji. Maji yapo ardhini, lakini njia imezibwa. Basi mmea hufa kwa kiu na hali miguu yake i majini. Zile nyuzi nyeupe ndizo bakteria wenyewe wakitoka kwa wingi. Mmea ukisha kushikwa hauna dawa.

Nalipofikiri nalikumbuka kwamba msimu uliotangulia tuta lile lilikuwa na viazi ulaya. Baadhi vilioza, nami kwa uvivu nikaviacha pale pale. Yafaa mjue kwamba nyanya, viazi ulaya, biringani na pilipili ni wa jamaa moja, na ugonjwa huu waweza kuwashika wote. Kwa hiyo aliyeleta hasara hakuwa kijana, ila mimi mwenyewe.

Basi mtu aliyepatwa na hayo afanyeje? Aing'oe mimea iliyonyauka pamoja na mizizi yake, aichome moto, wala asiitupe katika shimo la mbolea. Aoshe jembe kabla ya kulipeleka tuta jingine, na azuie maji yasitiririke kutoka mahali pagonjwa kwenda pazima. Kisha kwa miaka kadhaa asipande pale mmea wo wote wa jamaa ile, bali apande mahindi. Na mbegu ya viazi aitwae katika shamba lisilo na ugonjwa.

Usiku ule naliwaita wale wale waliosikia makemeo yangu, nikamwomba mpwa wangu radhi mbele yao. Si jambo jepesi kwa mwalimu, lakini naliona kwamba aliyetahayarishwa hadharani hasafishwi kwa siri. Nalimpa na tuta moja liwe lake. Akapanda mchicha, na mwezi uliofuata tulikula mboga yake.

Wazee walisema, hasira hasara. Nanyi mtakapokuwa bustanini likizo hii, mkiona mmea umenyauka, lichunguzeni shina kwanza kabla ya kuulaumu mkono uliomwagilia. Kwaherini.