Sabufa na Spika Kuu: Besi Inapopotelea Mpakani
(Sehemu ya pili)

Wiki iliyopita tuliishia kwenye krosova: sabufa zibebe sauti nzito hadi hezi 100 hivi, kisha spika kuu zipokee. Hapo mpakani ndipo besi inapopotelea, na mafundi mitambo wengi wa vigodoro, kuanzia Tandale hadi Mbagala, hudhani dawa yake ni kukodi sabufa nyingine.

Tuchukue shughuli ya mtaani Mbagala. Turubai limefungwa, jenereta linanguruma, spika kuu ziko jukwaani, na sabufa zimepangwa chini, mbele ya jukwaa, kwa sababu ndipo palipobaki nafasi. Zimetangulia spika kuu kwa mita 1.75. Kwenye joto la nyuzi 30 sauti husafiri takriban mita 350 kwa sekunde, kwa hiyo ya sabufa inamfikia mchezaji milisekunde 5 mapema. Sikio halitambui pengo hilo. Wimbi la hezi 100, hata hivyo, hukamilisha mzunguko wake kwa milisekunde 10 tu, na 5 ni nusu kamili: sabufa ikisukuma hewa, spika kuu inaivuta. Zinafutana. Fundi anapandisha besi, mabati ya majirani yanatetemeka, maana sauti za chini kabisa hazijaguswa, lakini mdundo wenyewe haupigi kifuani.

Singeli ndiyo inayoumia zaidi. Ina midundo 200 hadi 300 kwa dakika. Ikienda 240, kila robo sekunde kuna pigo, na pigo hafifu halina muda wa kujitetea. Muziki uliotoka studio ya Sisso kule Mburahati, lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikautoa duniani mwaka 2017, unastahili kusikika mzima hata uswahilini kwao.

Tiba ni kuchelewesha kinachowahi. Pima umbali kwa tepu upate makadirio. Hapa ni milisekunde 5 kwenye sabufa. Usiishie hapo, kwani krosova na prosesa za ndani ya spika nazo zina ucheleweshaji wao. Geuza polariti ya sabufa kwa makusudi, piga mlio mmoja wa hezi 100 pande zote zikiwa na nguvu sawa, kisha badilisha dilei kidogo kidogo mpaka mlio unywee kabisa. Rudisha polariti: palipokuwa na shimo sasa pana ongezeko la hadi desibeli 6. Shimo hilo hujirudia kila milisekunde 10, basi chagua lililo karibu na kipimo cha tepu. Ukiruka mzunguko, mlio utakubali lakini pigo litafika vipande vipande.

Mwenye kompyuta mpakato na maiki ya kupimia atumie Smaart, au Open Sound Meter ambayo ni ya bure. Maiki ilazwe chini, na mistari ya fezi ya sabufa na spika kuu ilaliane kuzunguka hezi 100.

Usipimie kwenye meza ya mitambo, ambayo mara nyingi husukumwa pembeni ukutani. Pimia wanapochezea watu. Aliye nyuma kwenye sufuria za pilau atapata tofauti kidogo, na hilo halina dilei ya kulimaliza. Wiki ijayo: kwa nini sabufa za kushoto na kulia huacha mabonde ya besi uwanjani.