Chaza ni wa Pwani, Angara ni Wetu

Huko Mombasa chaza hubanduliwa penye miamba na mizizi ya mikoko wakati wa maji kupwa. Mpishi wa hoteli huwaacha katika nusu ya gamba, akawafunika kwa siagi, vitunguu saumu na makombo ya mkate, kisha akawaoka. Mtindo huo si mpya: mjini New Orleans, Marekani, mkahawa wa Antoine's ulianza mwaka 1899 kuwaandaa chaza chini ya kifuniko cha majani mabichi na siagi, na siri ya mapishi yake haijatolewa hadi leo.

Chaza si anasa tu. Ni vigumu kupata chakula kinachomshinda kwa madini ya zinki, ambayo husaidia vidonda kupona na watoto kukua. Tena ana chuma na vitamini B12. Lakini mama aliyeko Logiri, mpakani mwa Kongo, atampata wapi?

Asihuzunike. Sokoni Arua yupo angara, samaki wa Ziwa Albert na Mto Naili, aliyetiwa chumvi na kuanikwa juani. Kwa zinki hamfikii chaza. Kwa protini humpita mbali, kwa kuwa maji yamekwisha kumtoka. Na kifuniko chake ni ufuta, wenye mafuta karibu nusu ya uzito wake.

Mloweke angara katika maji ya uvuguvugu, umwage maji hayo, urudie mara ya pili ili chumvi na mchanga vitoke. Mtoe magamba, umchemshe pamoja na vitunguu na nyanya. Ufuta uliokaangwa na kusagwa uuchanganye na mchuzi kidogo, uumimine juu ya samaki, ukoroge polepole kwa moto mdogo. Huliwa kwa enyasa.

Hapa nina neno na mabwana, askari wakiwemo. Katika nyumba nyingi baba hupewa samaki, naye mtoto hutonewa mchuzi juu ya ugali. Mchuzi mtupu ni chumvi na harufu nzuri. Kinachojenga mwili kimebaki katika sahani ya baba! Mtoto aliyetimiza miezi sita apewe mnofu uliopondwa, usio na mwiba hata mmoja. Mukene naye, akitwangwa mzima awe unga laini na kupikwa ndani ya uji, humpa mtoto chokaa ya mifupa.

Ukikosa ufuta, karanga zafaa. Zichague kwanza: zilizoota ukungu au kusinyaa zina sumu idhuruyo ini, na moto wa jikoni hauiondoi. Zitupwe, wala kuku wasipewe.