Mtoto Aachiwe Afunge Vifungo Vyake

Katika shule kadha wa kadha za msingi nchini Tanzania kipo chumba kiitwacho kitengo cha elimu maalumu, na humo husoma watoto wenye ulemavu wa akili, ambao wapita njia aghalabu huwadhania kuwa wameletwa washinde salama tu hata wazazi wao warudi kutoka kazini. Dhana hiyo si ya haki. Linalofundishwa humo ni somo kamili, tena gumu, na muradi wake ni mtoto ale kwa mkono wake, aende msalani na kustanji, avae nguo, avuke barabara, na anunue chumvi dukani pasipo kuongozwa na mtu.

Wala somo hili halikuzuka jana. Édouard Séguin, Mfaransa wa karne ya 19, aliwafunza watoto wa namna hii mjini Paris zama ambazo matabibu wengi walikuwa wamekwisha kuwakatia tamaa. Na Maria Montessori, tabibu wa Kiitaliano, alizidurusu kazi za Séguin na kuzitumia mjini Rome kwa watoto waliohesabiwa kuwa hawafundishiki, kabla hajafungua shule yake mashuhuri mwaka 1907. Mzazi wa leo anayelipa karo kubwa ili mwanawe asome kwa njia ya Montessori hulipia maarifa yaliyopatikana kwanza kwa watoto wenye ulemavu.

Tutazame kifungo cha shati. Kukifunga, kwetu sisi jambo lisilohitaji fikra, ni matendo mengi yanayofuatana: kushika ukingo wa nguo, kukitafuta kitundu, kukilaza kifungo ubavu, kukisukuma hata kitokeze nusu, kuhamisha vidole upande wa pili, kisha kukivuta. Mwalimu stadi huyapambanua matendo hayo, akaanza kufundisha kutoka mwisho: yeye hukisukuma kifungo, na mtoto huachiwa kukivuta tu. Hivyo kila safari mtoto ndiye anayeimaliza kazi, akaionja furaha ya kutimiza, ilhali lau angalianzishiwa mwanzoni angalikwama na kuchukia. Akiisha kuimudu hatua hiyo, hukabidhiwa na ile iliyoitangulia. Msaada nao hupungua taratibu: kwanza mkono wa mwalimu juu ya mkono wa mtoto, kisha mguso wa kiwiko, kisha ishara ya kidole, kisha neno, kisha kimya. Kimya hicho, kwa maoni yangu, ndicho kilele cha ualimu huu, kwani si wepesi kumtazama mtoto akihangaika nawe ukaizuia mikono yako.

Yapo mashaka mengine yasiyojulikana na wengi. Mtoto aliyezoea kunawa kwenye bomba la shule huenda akasimama ameduwaa mbele ya ndoo na kata ya nyumbani, maana yeye alijifunza bomba, hakujifunza kunawa. Kwa sababu hiyo sarafu za kuchora hazimfai. Yafaa ashike shilingi 200 yenyewe, aende duka lenyewe, angoje chenji yenyewe. Na wasichana wapatapo kuvunja ungo, hufundishwa kujisitiri wakati wa hedhi, na wote, wake kwa waume, kwamba mwili wa mtu haushikwishikwi ovyo.

Walimu wa kazi hii huandaliwa katika vyuo kama Patandi, mkoani Arusha, na kwa upande wa Kenya katika Taasisi ya Elimu Maalumu iliyoanzishwa mwaka 1986. Lakini elimu yao hupotea bure endapo nyumbani mama, dada na bibi humvisha, humlisha na humwogesha mtoto aliyekwisha kujua nusu ya mambo hayo. Huruma hiyo hutoka katika moyo safi, nami siidharau. Hata hivyo humdhulumu, kwa kuwa mzazi haishi milele, na mtu mzima asiyejua kujihudumia sitara yake yote hutegemea wema wa wengine.

Basi, ewe mzazi, muulize mwalimu mwanao amefikia hatua ipi, na hatua hiyo umwachie nyumbani hata kama itawachelewesha asubuhi. Nazo kamati za shule zikipatie kitengo maji, sabuni, mkaa na unga kama zinavyotoa chaki kwa madarasa mengine, kwani pasipo vitu hivyo somo hili halifundishiki.